Shati la Sita

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajanywa maji, Chaki alikuwa na kazi moja: kuokota pini. Alichukua sumaku iliyofungwa kamba, akaiburuta sakafuni chini ya meza ya kukatia, na pini zikairukia moja baada ya nyingine, tik, tik, tik. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake. Sheria za chumba hicho zilikuwa mbili tu: hapatupwi kitu, na hapatoki kitu kibovu. Pini zilirudi kwenye kopo. Vipande vya kitambaa, hata vyembamba kama utepe, viliingia kwenye gunia. Na kola ya shati ikipinda hata kwa unywele, ilifumuliwa, mteja apende asipende.

Jina la Chaki alipewa na majirani, kwa sababu tangu anatambaa pua yake haikukosa vumbi la chaki ya kukatia. Baba yake, fundi bomba, mtaa mzima ulimwita Presha. Wageni walidhani ni kwa ajili ya maji. Waliomjua walijua ni kwa ajili ya mdomo.

Sasa, mama alikuwa na ugomvi wa miaka kumi na miwili na kitambaa cha sare. Kila alipotandika kipande kimoja mezani, mashati matano yalitoka bila shida. La sita lilikosa mkono mmoja.

"Mkono mmoja tu!" alifoka huku akipiga meza. "Kitambaa hiki kina roho mbaya. Kinanicheka."

Chaki aliyasikia malalamiko hayo tangu akiwa mdogo. Ndipo mwalimu wa hesabu alipomletea fomu ya Darasa la Vipaji. Darasa hilo lilichukua wanafunzi ishirini tu kutoka mji mzima, na wote wa darasa la sita. Ukikosa mwaka huo, basi tena. Fomu ilisema hivi: tafuta tatizo la kweli la nyumbani kwenu, lipatie ufumbuzi, ulete kazi uliyoifanya mwenyewe kwa mkono wako. Chaki hakufikiri mara mbili. Alilitaka shati la sita.

Kwa wiki tatu alikata vipande vya karatasi, robo ya ukubwa wa shati la kweli, akavipanga juu ya karatasi kubwa iliyokuwa badala ya kitambaa. Alivigeuza, akavilaza ubavu, akavisimamisha kichwa chini miguu juu. Vidole vilimuuma. Mara nne alilia kwa hasira, na mara moja aliupiga teke mguu wa meza, akaumia yeye. Siku moja baada ya chakula cha mchana akageuza mikono miwili ikatazamana, kola zikaingia kwenye pengo lililobaki, na shati la sita likatosha. Likabaki na nafasi ndogo ya kupitisha ukucha.

"Mama! Mama, njoo uone!"

Mama alikuja na futi ya kupimia shingoni. Aliangalia mpangilio, akaangalia tena. "We mtoto," alisema polepole. "Miaka kumi na miwili!" Kisha jicho lake la fundi likashuka kwenye kingo za vipande. "Lakini mbona umekata hivi? Zimetafunwa na panya?"

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku ya kupeleka kazi, Chaki alikuta bahasha yake imejaa vipande vipya, vya karatasi ngumu, vimekatwa kwa kingo safi kama wembe. Vya kwake havikuonekana.

"Mama, fomu inasema kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kwani nimefikiri badala yako?" alijibu mama bila kuinua macho kwenye cherehani. "Akili ni yako. Mimi nimekata tu. Kazi yenye kingo mbovu haitoki kwenye chumba hiki, na wewe unajua."

Chaki angeweza kubisha. Hakubisha. Tuseme ukweli: vipande vile vilipendeza, na moyo wake ulifurahi kuviona. Akachukua kalamu, akaweka sahihi chini ya maneno yaliyosema, "Kazi hii nimeifanya mwenyewe." Hata kuvipanga ili kuvijaribu hakuvipanga.

Barua ilirudi baada ya wiki mbili, na mwalimu alimkabidhi mbele ya darasa. Kazi haikukubaliwa. Haionekani kuwa ya mtoto, na haifanyi inachodai. Kabla kengele ya mapumziko haijanyamaza, msichana aliyeitwa Redio, ambaye habari haikuwahi kulala kifuani mwake, alikuwa amekwisha kuitangaza uwanja mzima.

"Jamani mmesikia? Chaki kashonewa akili na mama yake!"

"Nyamaza, Redio!"

"Ninyamaze kwani mimi ndiye niliyeandika barua?" Redio alishika kiuno. "Ikifumuka utaweka kiraka?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Chaki alirudi nyumbani peke yake, na siku hiyo pini hazikuokotwa.

Baba aliisoma barua ile akiwa amesimama mlangoni na mfuko wa spana begani. Aliisoma mara mbili. Mshipa wa shingo ukamtoka.

"Si ya mtoto? Nani ameandika upuuzi huu? Mwanangu wiki tatu hakucheza, wiki tatu nimemwona kwa macho yangu! Mama Chaki, andaa viatu. Kesho siendi kazini. Kesho nakwenda kuwaonyesha."

"Baba Chaki, tuliza moyo kwanza," alisema mama. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Nitulize nini? Mtoto wa fundi akiwa na akili lazima awe mwizi? Ehe? Sema!"

Chaki alimtazama mama, mama akatazama sindano. Kila mmoja alimsubiri mwenzake afungue mdomo, na hakuna aliyefungua.

Ofisi ya Darasa la Vipaji ilikuwa chumba chenye kabati la chuma, meza ndefu na viti viwili vya wageni. Watu walikuwa watatu, kwa hiyo Chaki alisimama. Nyuma ya meza alikaa Msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye uso wake haukuwa na dalili ya kuwahi kutabasamu.

"Mwalimu," alianza baba, "mimi ni mtu wa maneno machache." Huo ulikuwa uongo wa kwanza siku ile, na baada yake baba alisema kwa dakika kumi bila kumeza mate. Alisema juu ya haki, juu ya dharau, juu ya watoto wa wakubwa wanaopita bila kuulizwa.

Msimamizi alimwacha mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akafungua kabati, akatoa bahasha ya Chaki na kuimwaga mezani.

"Umemaliza? Sasa tazama." Alitandika karatasi kubwa, akavipanga vipande kama mchoro wa Chaki ulivyoonyesha. "Mashati matano, haya hapa. La sita, hili. Na mkono huu je?" Mkono wa shati ulitokeza nje ya karatasi, ukining'inia ukingoni mwa meza. "Huu unakwenda wapi? Sokoni?"

"Labda hamjui kupanga!"

"Tumepanga watu watatu kwa siku mbili. Haitoshi. Halafu tazama kingo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hakati hivi. Huu ni mkono wa mtu aliyekata nguo maisha yake yote." Alimtupia jicho mama, akaliondoa. "Mwezi huu pekee wazazi saba wamekaa kwenye viti hivyo wakinifokea. Mmoja aliniletea mashine ya kupukuchua mahindi, eti kaitengeneza mwanawe. Mwanawe hakujua inawashwa wapi. Watu wa aina yenu nimewachoka."

"Aina yetu!" Baba alisimama, kiti kikaanguka. "Aina gani? Fafanua! Mwanangu si mwizi! Kila kipande hapo kakikata kwa mikono yake, naapa, na asiyeamini aje anitazame machoni!"

Chaki alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Baba yake aliapa kwa moyo wake wote, na alikuwa akiapia uongo bila kujua.

Chaki akautazama tena ule mkono unaoning'inia. Kulikuwa na kitu kingine. Akanyoosha kidole, akakilaza ukingoni mwa kipande, na ghafla akaelewa.

Kule karakana, karatasi za kukatia zilizotundikwa ukutani zilikuwa na ukubwa wa shati lililokwisha kushonwa. Mama alipochora juu ya kitambaa aliongeza upana wa kidole kila upande, nafasi ya mshono. Hakuwahi kukipima kidole hicho. Mkono wake ulikiongeza wenyewe, kama mtu anavyofumba macho akipiga chafya. Chaki aliliona jambo hilo tangu utotoni, kwa hiyo vipande vyake alivikata na nafasi hiyo ikiwa ndani tayari. Mama alipovikata upya, mkono wake ukaongeza tena. Kila kipande kilinenepa kidogo, pande zote, na vidogo hivyo vilipokusanyika vikautoa mkono mmoja nje.

Jibu lake lilikuwa sahihi. Lakini ili aseme hivyo, ilimpasa aseme kwamba vipande hivi si vyake, na kwamba alitia sahihi kwenye uongo. Na ilimpasa aseme mbele ya baba.

Aliondoa kidole kwenye kipande. "Mwalimu," alisema, "vipande hivi sikuvikata mimi."

"Nini?" Baba aligeuka. "Unasema nini wewe?"

"Mpangilio ni wangu, Baba. Vipande vya mwanzo vilikuwa vyangu. Hivi amekata mama. Nilijua, nikatia sahihi."

Baba alimtazama Chaki, kisha akamtazama mkewe. Presha yote ilimtoka. Aliokota kiti, akakaa, akafuta jasho kwa kiganja. "Mama Chaki," alisema kwa sauti ya chini iliyoumiza kuliko kelele, "umeniacha niape?"

"Nilitaka kusema jana," alisema mama. Machozi yalikuwa karibu. "Mwalimu, kosa ni langu. Kingo zilikuwa mbovu. Mimi siwezi kutoa kazi mbovu, sijui kuitoa. Lakini vya kwake vipo, kwenye gunia. Mimi situpi kitu. Nikimbie nivilete?"

"Uvilete?" Msimamizi alivua miwani. "Nani ataniambia havikukatwa leo asubuhi? Binti, umetia sahihi uongo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa kanuni zangu, safari yako inaishia hapo."

Baba alifungua mdomo. Chaki akamwahi. "Naomba mkasi, mwalimu."

"Wa nini?"

"Nikate tena. Hapa hapa. Vipimo vyote ninavyo kichwani. Kama havikutosha, nitaondoka wala sitarudi."

Msimamizi alimtazama kwa muda mrefu, kama fundi anayekagua kitambaa kama kina tundu. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa rula na mkasi mzee wenye mpini uliofungwa kamba. "Karatasi zipo kabatini. Wazazi, nje."

"Nje?" alisema baba. "Mimi ni baba yake!"

"Ndiyo maana."

Mama alinyanyuka. Mlangoni alisita, akautazama ule mkasi butu mkononi mwa mwanawe kwa hamu ya kuunoa. Kisha akatoka, akafunga mlango.

Mkasi ule ulikuwa adhabu. Ulitafuna karatasi badala ya kuikata. Chaki alipima, akachora, akakata, na kingo zilitoka hovyo kuliko hata zile za mwanzo. Kutoka barazani alisikia wazazi wake wakigombana kwa kunong'ona. "Kwa nini hukuniambia?" "Ungenisikia? Wewe ukianza kusema nani husikia?" Mara mbili alikosea kola, akaanza upya. Msimamizi alikuwa akisoma mafaili yake wala hakumwangalia, au alijifanya hamwangalii. Saa nzima ikapita, na nusu juu yake.

Mwishowe Chaki akaanza kupanga. Shati la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. La sita aliliweka mgongo, kifua, kola. Mkono mmoja ukaingia. Mkono wa pili aliusukuma kwa ncha ya kidole, polepole, na ukakaa mahali pake ndani ya karatasi.

Msimamizi alikuja akainama. Akasogeza kipande hiki, akapima kile, akatafuta pa kuuvunja mpangilio asipaone. "Na kitambaa kikiwa na mistari?" aliuliza ghafla. "Hii mikono umeigeuza kichwa chini."

Chaki alifikiri. "Cha mistari ya kawaida hakina neno, mwalimu, juu na chini ni sawa. Lakini kikiwa na maua yanayotazama upande mmoja, yatapinduka. Hapo mashati yatatoka matano tu. Sijui njia nyingine."

"Hujui?"

"Bado sijui."

Kwa mara ya kwanza uso wa Msimamizi ulilegea kidogo. Akafungua mlango na kuwaita wazazi waliokuwa barazani, kila mmoja ameangalia upande wake.

"Nafasi ameipata," alisema. Baba aliruka, lakini Msimamizi akamwinulia mkono. "Sijamaliza. Binti, ile fomu yako hii hapa. Futa sahihi yako. Andika ukweli wote, nani alikata nini, kisha utie sahihi tena. Karatasi hii itakaa kwenye faili lako mpaka umalize. Mama naye atie sahihi. Na wewe bwana wa maneno machache, siku nyingine kabla ya kuapa, uliza kwanza nyumbani kwako."

Baba alikohoa. "Nimekosa, mwalimu," alisema, na waliomjua Presha wangejua uzito wa maneno hayo.

Jumamosi mama alitandika kitambaa halisi cha sare mezani. Kutoka kwenye gunia akavitoa vile vipande vya kwanza vya Chaki, vyenye kingo za panya, akamwita asimame pembeni amwonyeshe pa kuweka kila kimoja, wakichora yote mara nne ya ukubwa wake. Chaki alishika rula na mama akashika chaki. Walipofika kwenye mikono ya shati la sita, chaki ya mama ikaanza kutambaa nje ya mstari.

"Usiongeze, Mama. Kidole kimo tayari."

Mama aliurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa pasi. Kisha akaiweka chaki chini, akamgeukia.

"Sikiliza, mwanangu. Nilidhani nakusaidia, kumbe nilikuharibia. Kazi yako ilikuwa mbaya usoni na sahihi moyoni, na mimi nikaigeuza. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini na wewe lako lipo. Uliona nakosea ukanyamaza kwa sababu vipande vilikupendeza. Siku nyingine useme, hata kama anayekosea ni mama yako. Na jina lako usiliweke chini ya kazi ya mtu mwingine, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Baba yako anasemaje?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alidakia baba, aliyekuwa ameketi mlangoni na chai yake. "Nami nimejenga ukuta juzi, mbele za watu, kwa mdomo wangu."

Mashati sita yakatoka. Matano yalikuwa na wenyewe. La sita halikuwa limeagizwa na mtu, kwa hiyo mama akamwachia Chaki alishone mwenyewe, kwa ajili ya darasa lake jipya. Ilimchukua siku mbili. Mshono ulinyooka, vifungo vikakaa, lakini kola, la haula, ilipinda kidogo upande wa kushoto.

Asubuhi ya kwanza ya Darasa la Vipaji, mama alimsimamisha mlangoni amkague. Jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye kola, na mkono wake ukafika mpaka kwenye kifaa cha kufumulia kilichokuwa mfukoni. Chaki akasubiri.

"Nenda," alisema mama, mkono wake ukitoka mfukoni mtupu. "Utachelewa."